Mwaka Nilioitwa Hamisi

Papa Saleh tulimzika Jumanne baada ya sala ya adhuhuri, katika makaburi ya Waislamu pale Kamembe, na udongo ulikuwa haujatulia wakati mzee mmoja aliyesimama karibu nami alipoanza kumsema. "Huyu njo aliua Ligi ya Mto," alimwambia kijana wake, kwa sauti ya mtu anayeonyesha jengo la zamani. "Timu ilikuwa nzuri, kombe ilikuwa ku mukono, naye akajiandikia barua yeye mwenyewe, akasema tulidanganya. Mpaka leo hakuna muntu anajua juu ya nini." Mimi nilijua ni kwa sababu gani. Nilikuwa hatua mbili kutoka kwake, koleo bado mkononi, nikafanya lile ninaloliweza kuliko yote: nikatazama viatu vyangu. Mimi ni mwoga. Nalisema mapema ili msomaji asipoteze muda kunitafutia ushujaa katika kurasa hizi. Nimelitafuta jambo hilo mwenyewe kwa miaka mingi na sikulipata. Nilichonacho ni mwaka mmoja tu, mwaka niliokuwa na miaka kumi na tisa, nikawa golikipa wa Radi ya Kamembe kwa jina la mtu mwingine.

Vijana wa leo hawaijui Ligi ya Mto, na sioni ajabu, maana haikuandikwa popote. Hakuna shirikisho lililoitambua. Zilikuwa timu sita tu, tatu za upande wetu na tatu za Bukavu, enzi zile ng'ambo ilikuwa bado Zaire, na katikati yetu mto Rusizi na daraja lake. Upande wetu kulikuwa na sisi Radi, timu ya wafanyabiashara na mafundi wa Kamembe. Kulikuwa na timu ya Gihundwe, iliyojaa walimu na wauguzi waliocheza kwa adabu na kufungwa kwa adabu. Na kulikuwa na wavunaji mpunga wa Bugarama, watu waliozoea joto, ambao ukicheza kwao unatoka uwanjani umeiva. Ng'ambo ile timu kubwa ilikuwa Nyuki. Nyavu zilikuwa jozi moja kwa ligi nzima. Zilivuka daraja Jumapili hii kwenda na Jumapili ile kurudi, zimekunjwa juu ya kichwa cha mtu. Kamati ilikuwa na watu sita, mmoja kwa kila timu, wakikaa chumba cha nyuma cha duka moja karibu na daraja, na mtu akipita dirishani alisikia kelele utadhani wanagawana urithi.

Kitu kimoja tu katika ligi ile kilikuwa rasmi, nacho ni kadi. Siku ligi ilipoanzishwa, kamati ilichapisha kadi kwa fundi mmoja wa Bukavu, ishirini kwa kila timu, zenye jina, mwaka wa kuzaliwa, picha, na muhuri wa duara uliokaa nusu juu ya picha na nusu juu ya karatasi. Kisha fundi yule akahama na mashine yake, na hakuna aliyejua alikohamia. Kadi mpya hazikupatikana tena. Basi kadi ikawa kama shamba: mwenyewe akiondoka, shamba linabaki. Mchezaji akihama, akifa, au akioa mwanamke mkali, picha yake inabanduliwa, picha ya mwingine inabandikwa, na nusu ya muhuri inapigwa upya kwa kipande cha muhogo kilichochongwa. Timu zote zilifanya hivyo na timu zote zililaumiana. Winga wetu wa kulia alikuwa na miaka kumi na saba, lakini kwa kadi alikuwa na thelathini na tisa, tukawa tunamwita Babu na yeye anaitika.

Nilipanda kutoka kijijini kwetu Gitambi kuja kujifunza ushonaji wa magodoro kwa Papa Saleh. Alikuwa mwanamume mfupi, mpana, wa miaka arobaini hivi, mwenye nyuzi za pamba kwenye nyusi wiki nzima hata siku ya Ijumaa akienda kuswali, na ndiye aliyekuwa rais wa Radi, kocha wa Radi na mtunza kadi za Radi. Siku ya pili yangu kwake lori lilileta marobota ya pamba, kijana aliyekuwa juu akateleza na robota likaja moja kwa moja kwangu. Nililidaka. Nilidaka kwa hofu tu, kwa kuwa sikuwa na pa kukimbilia. Papa Saleh akasimama akanitazama mikono. "Hii mikono inadakaka," alisema. "Na Hamisi amekwenda. Bon. Leo weye njo Hamisi." Hamisi Kabwe alikuwa golikipa wao wa miaka mitatu, aliyeondoka ghafla kwenda Bujumbura, alikwenda kutafuta maisha, ndivyo nilivyoambiwa.

Nililala chumba cha nyuma ya karakana, kati ya marobota, juu ya godoro zuri kuliko lolote nililolalia maisha yangu yote. Chumba kilikuwa na dirisha moja lililotazama jiko la Maman Zuhura, mke wa Papa Saleh, na ukuta wa mbao ulioruhusu kila neno kupita. Nilijua saa kwa harufu. Sambaza, vile visamaki vya ziwani, zikikaangwa, ni karibu saa sita. Sombe, mboga ya majani ya muhogo, ikianza kunukia, ni jioni. Ijumaa palinuka pilau ya mchele wa Bugarama, na hata mimi Mkristo nilijikuta naingoja Ijumaa kwa ibada kubwa. Huko jikoni ndiko nilikofundishwa jina. Kwa wiki mbili nyumba nzima ilipigwa marufuku kuniita Anastazi, jina langu nililobatizwa, isipokuwa Maman Zuhura, ambaye kazi yake ilikuwa kunitega. Alikuwa anangoja niiname kunawa, au nipokee sahani, kisha ananiita kwa nyuma, taratibu, "Anastazi." Nikigeuka, mandazi yangu yanakwenda kwa mwingine. "Mandazi ni ya Hamisi," anasema. "Weye ni nani?" Nilipoteza mandazi mengi. Kufika Pasaka nilikuwa sigeuki tena, hata binamu yangu wa Gitambi aliponiita sokoni nilipita kama kiziwi, akaenda kuwaambia watu nyumbani kwamba mji umenilewesha.

Jambo jingine Papa Saleh alilisimamia mwenyewe. Kila Jumapili ya kuvuka alikuwa na kopo la maziwa ya unga, na kila mchezaji mwenye jina la kuazima alitumbukiza humo kitambulisho chake cha kweli kabla ya kutoka. Kopo lilibaki kabatini kwa Maman Zuhura. Darajani tulipita kwa orodha ya timu na kadi za ligi. Ndivyo kamati ilivyoelewana na watu wa pande zote mbili. "Ukiwa na majina mbili mu mufuko moja," Papa Saleh alituambia, "banakufunga juu ya yote mbili." Maneno hayo yalituingia, tukayaona ya busara. Hakuna hata mmoja wetu aliyejiuliza itakuwaje mtu akilihitaji jina lake la kweli akiwa upande ule, na lenyewe limelala kabatini upande huu.

Mara ya kwanza kuvuka daraja nilidhani moyo wangu unasikika. Maji yalikuwa chini, meusi, yenye haraka, na mbao za daraja zilikuwa na nyufa ambazo ungeweza kuona kupitia kwazo mahali utakapoangukia. Askari wa ng'ambo aliichukua kadi yangu, akaisoma, akanitazama, akaisoma tena. "Hamisi Kabwe. Miaka makumi tatu na moja. Weye unakulaka nini, unabakia mutoto?" Papa Saleh akajibu kwa niaba yangu, "Hana bibi, chef. Njo maana hazeeke." Askari akacheka, wenzake wakacheka, timu nzima ikacheka, tukapita. Mimi nilicheka baadaye, nilipokwisha kutapika nyuma ya goli. Wahenga walisema nguo ya kuazima haisitiri matako. Jina la kuazima nalo nililivuta huku na huku, nikifunika hapa panafunuka pale.

Usifikiri kwamba kwa vile nilidaka vizuri, hofu ilipungua. Hofu ndiyo iliyokuwa ikidaka. Mwoga anauona ubaya kabla haujafika, na mpira nao ni ubaya unaokuja kwa mguu wa mtu. Nilikuwa nimekwisha ruka wakati mshambuliaji bado anawaza. Watu wa Kamembe wakaanza kunipenda, wakaniimba, na mimi, Mungu anisamehe, nikapenda kuimbwa. Walimwimba Hamisi, lakini masikio yaliyokuwa yanasikia yalikuwa yangu.

Mtu mmoja tu hakudanganyika. Katibu wa Nyuki alikuwa mwalimu aliyeitwa Papa Deo, mrefu, mwembamba, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi upande mmoja, na aliupenda ukweli jinsi wengine wanavyopenda bia. Alikuwa anasimama nyuma ya goli langu na daftari. Mwezi wa Ramadhani tulicheza Bukavu jua la saa tisa, na Hamisi, kwa jina lake, alipaswa kuwa amefunga. Kwa hiyo nami nilifunga, koo limekauka, huku washabiki wa Nyuki wakinipitishia mandazi ya moto chini ya pua. Papa Deo akasogea hadi kwenye nguzo. "Hamisi," aliniita kwa upole. "Leo tunafunga siku ya ngapi?" Sikujua. Nilisema najisikia kizunguzungu, jambo ambalo lilikuwa kweli, akaandika kitu daftarini. Aliandika malalamiko kwa kamati mara tatu mwaka ule. Mara zote tatu kamati iliyapigia muhuri wa KUKATALIWA bila kusoma hadi mwisho, kwa kuwa kila aliyekaa mezani alikuwa na Hamisi wake nyumbani. Nyuki wenyewe walikuwa nao wawili, na watu walisema Papa Deo aliwashitaki hao pia.

Kisha ikaja alasiri ile. Zilikuwa zimebaki mechi mbili, moja nyumbani na ya mwisho Bukavu, na kombe lilikuwa letu kama hatungefungwa. Nilikuwa chumbani nashona ukingo wa godoro, na jikoni Maman Zuhura alikuwa na mgeni, mama mmoja muuza vitenge wa Bukavu aliyekuwa akivuka kila wiki. Walizungumza bei ya mafuta, kisha homa ya mtoto, kisha yule mama akashusha sauti, na kwa ukuta ule sauti ikishuka ndiyo unaisikia vizuri zaidi. "Ule Hamisi wenu, mwenye alikimbia Bujumbura, munajua juu ya nini alikimbia? Alipigana na soda moja mu baa, askari wa kwetu kule. Akamupiga chupa ku jicho. Jicho ilikufa, mama. Na bale basoda bengine banamutafuta. Sura hawaikumbuke vizuri, juu kulikuwa giza. Lakini jina banalo, bale ba ku daraja tu njo bado kuambiwa." Shazia, ile sindano kubwa ya magodoro, iliniingia kidoleni hadi mfupani. Sikulia. Nilikaa natazama damu ikiingia kwenye pamba, nikihisi jina lile limenikaa mwilini kama upele.

Jioni nilimwambia Papa Saleh sichezi tena. Aliweka sahani chini. Kwa muda mrefu alitoa nyuzi za pamba kwenye nyusi zake, moja moja. "Kupigana nilijua," alisema. "Ya jicho sikujue." Mpaka leo sijui kama alisema kweli. Akaendelea, "Anastazi," na ilikuwa mara ya kwanza tangu robota lile kuniita hivyo, "ni mechi moja tu ya kule. Nitakupeleka, nitakurudisha. Mi mwenyewe. Ukibakia kule, na mi nabakia." Ningeweza kukataa. Lakini nilikuwa nimehesabu hofu zangu: upande mmoja kulikuwa na askari ambao huenda hawapo, na upande mwingine washabiki wa Kamembe ambao kwa hakika wapo, ninaokutana nao kila asubuhi penye kuchotea maji. Nilichagua hofu ya mbali. Waoga hufanya hivyo.

Mechi ya nyumbani ilipita salama, na ile ya mwisho, ya Nyuki kule Bukavu, ilikwisha bila bao. Niliokoa mipira ambayo sikuwa nimeiona, na filimbi ilipolia wenzangu walinibeba mabegani. Papa Saleh alikuwa analia waziwazi. Tulikaa pembeni ya uwanja, tumevua viatu, mtu anagawa mandazi, na nilikuwa na la kwangu mdomoni lilipoingia gari la askari na kusimama katikati ya uwanja. Alishuka ajida, mkubwa wa askari wale, mtu mzima, mtulivu, asiye na haraka. "Hamisi Kabwe ni nani hapa?" Hakuna aliyenisaliti; nataka hilo lieleweke. Hawakunyoosha kidole wala kufungua mdomo. Waligeuza tu vichwa, wote pamoja, wakanitazama mimi, kwa vile miezi yote ile walikuwa wamefundishwa kwamba jina hilo likiitwa, ni mimi.

Walinifungia katika ghala dogo karibu na daraja, lililonuka mafuta ya mazuti na samaki wa chumvi. Lilikuwa na tundu la hewa, na kwenye tundu hilo niliona kilima chetu, mabati ya kwetu, na nguo zilizoanikwa ambazo nilijishawishi ni za Maman Zuhura. Mtu hajui umbali mpaka aone nguo za nyumbani na asiweze kwenda kuzianua. Nilimwambia ajida kwamba mimi ni Anastazi wa Gitambi, fundi magodoro. "Jana ulikuwa Hamisi," alisema bila ukali. "Kesho utakuwa Papa wa Roma." Na mlangoni nilisikia askari wawili wakiongea huku wanakula. "Banangoja Kaporali arudie. Ye njo atachagua." "Atachagua nini?" "Yaani, ya kushoto ao ya kuume." Walicheka kidogo, wakaendelea na chakula chao. Sikuelewa mara moja. Nilipoelewa nilijifunika macho kwa viganja vyote viwili na sikuvitoa kwa muda mrefu sana. Niliogopa hata kupepesa. Nilijaribu kutembea ghalani nikiwa nimefumba jicho moja, kisha jingine, ili nijue maisha yatakuwaje.

Jumatatu Papa Saleh alikuja na kopo la maziwa. Alitoa kitambulisho changu, akakiweka mezani, na ajida akaweka kadi ya ligi kando yake. Picha zilikuwa za uso mmoja, na majina mawili. Ajida aliinua kichwa. "Nilikuwa na mupiganaji," alisema. "Sasa niko na mwizi wa majina pia. Aksanti, mzee." Papa Saleh alirudishwa darajani huku anaongea. Jumanne asubuhi akaletwa Kaporali. Nilikuwa nimemfikiria jitu. Alikuwa kijana mwembamba, pengine ananizidi miaka mitatu, kitambaa kimefungwa juu ya jicho la kushoto. Alinishika taya akanigeuza kwenye mwanga. Jicho lake moja lilipita usoni kwangu polepole, likitafuta, na niliona kwamba halipati kitu, na niliona pia kwamba limechoka kutafuta. "Njo ye," alisema. Ajida akasema kesho nitapelekwa kambi kubwa, na kambi hiyo, kila mtu wa pande zile alijua, watu waliifahamu kwa mlango wa kuingilia tu.

Alasiri ya siku hiyo Papa Saleh alirudi, na nyuma yake alikuja Papa Deo na miwani yake ya uzi, amekumbatia faili. Nilitolewa nikasimamishwa ukutani. Papa Deo akatandaza mezani malalamiko yake matatu, na juu yake picha ya msimu wa kwanza wa ligi, timu zikiwa zimesimama pamoja, na kidole chake kikatua juu ya mtu mnene, mrefu, mwenye glovu. "Huyu njo Hamisi Kabwe," alisema. "Niliandika mara tatu. Ule mwenye iko pale ku ukuta ni mutoto tu banamupa kadi." Kaporali aliichukua picha, akaenda nayo mlangoni penye mwanga, akakaa chini kwenye kizingiti. Aliisogeza karibu na jicho lake moja, akaiweka mbali, akaisogeza tena, na ajabu ya moyo wa mtu, nilimhurumia.

Lakini ajida alikuwa anasoma. "Hapa pameandikwa 'kukataliwa'," alisema. "Na hapa. Na hapa. Kamati yenu inasema haya ni uongo. Picha, kila muntu iko na picha. Nani anaapa ni kweli?" Papa Deo alimgeukia Papa Saleh. Hakukuwa na furaha usoni mwake. Nimeutafuta ushindi katika uso ule kwenye kumbukumbu yangu na sikuuona. "Saleh," alisema, "mi siwezi. Mi ni adui. Ni weye tu." Nikamwona Papa Saleh anaelewa. Akiandika, kombe limekwenda, na miaka yote ya Radi imekwenda, na kamati italazimika kukagua kadi za wote. Aliniangalia. Nilipaswa kusema kitu. Mwanamume angesema, usiandike. Mimi nilisema, "Papa, naomba." Akaomba kalamu. Alikuwa mtu wa sindano, hakuzoea kalamu, aliandika kama anayevuka maji, na kila mstari alisimama kupumua. Aliandika kwamba malalamiko ya Nyuki ni kweli, kwamba picha aliibandika yeye na muhuri aliuchonga yeye, katika mechi zote. Akaandika nakala mbili, akazitia sahihi. Ajida akaikunja karatasi moja, nakala ya pili akampa Papa Deo aipeleke kwa kamati. "Mutoto aende," alisema. "Na mwenye kuchonga mihuri abakie."

Basi mimi nilitoka na yeye akaingia. Tulipishana mlangoni, mlango ulikuwa mwembamba, bega lake likanigusa. "Kimbia," alisema, "Maman atakupa chakula." Nilivuka daraja peke yangu. Upande wa pili washabiki walikuwa wamejaa, wakanizunguka, wakanishika mikono. "Hamisi! Banakuachilia? Na Papa Saleh iko wapi?" Ningeweza kusema pale pale: amekaa mahali pangu, ameuza kombe kununua macho yangu. Lakini niliwaona walivyo wengi, nikaona nyuso zao zitakavyogeuka zikisikia kombe halipo. Nilisema, "Sijui." Nilisema mimi nimeachiwa kwa kuwa askari waligundua wamekosea. Nikaenda nyumbani, nikachukua sanduku langu, Maman Zuhura akasimama mlangoni pa jiko akanitazama, ameshika sahani aliyokwisha ipakua. Sikula. Nilipanda lori la mpunga kushuka Bugarama siku hiyo hiyo, nikapata kazi kwenye mashine ya kukoboa, nikabaki huko na jina langu.

Papa Saleh walimwachia baada ya siku nne. Nilisikia mambo yote Bugarama, kwa wachezaji wa timu ya pale: jinsi barua ilivyosomwa kwenye kamati, jinsi Radi ilivyonyang'anywa kila kitu, kisha Radi ikawashitaki Gihundwe, Gihundwe wakawashitaki watu wa Bugarama, kadi zikamwagwa mezani na haikupatikana timu yenye watu kumi na mmoja wa kweli. Kabla ya mvua kuanza ligi ilikuwa imekwisha. Nyavu zilibaki ng'ambo. Watu wa Kamembe walisema Papa Saleh alihongwa na Nyuki. Siku moja walichana magodoro yaliyoanikwa barazani pake, pamba ikaruka mtaa mzima, na watoto wakaicheza. Papa Saleh hakumtaja mtu. Papa Deo naye alikuwa amemwahidi kunyamaza juu yangu, na alikuwa mtu wa kutimiza. Kati ya mwaka ule na leo kuna mwaka mwingine ambao watu wa nchi yangu wanaujua bila mimi kuutaja. Uliwachukua wengi waliokuwa wamekaa pembeni ya uwanja ule wakila mandazi. Sitauandika hapa. Papa Saleh alipona, nami nilipona, na hata hapo sikwenda kwake. Kila mwaka nilijiambia mwaka huu, na kila mwaka niliogopa kwamba atanifungulia mlango.

Kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio. Nilikikuta kilio uani kwake siku ile ya maziko, wanaume kwenye mikeka, yule mzee wa makaburini ameshakaa katikati yao anaisimulia barua upya. Nilipita nikaomba kumpa pole mjane. Maman Zuhura alikuwa chumbani kwenye kiti kifupi, mdogo sana, macho yana ukungu. Nilipiga magoti. "Maman, ni mimi Anastazi."

"Nakujua tangu ku mulango," alisema. "Unatembeaka kama unaiba."

Nikamwambia yote, kwa haraka, maneno yakigongana. Nikamwambia kwamba nataka kutoka uani sasa hivi, nisimame mbele ya wale watu, niseme barua ile iliandikwa kwa ajili ya nani. Nilisema sitaki alale kaburini na uongo. Nilikuwa nalia, na kwa mara ya kwanza maishani nadhani nilikuwa tayari.

Alinisikiliza hadi mwisho. "Alirudi kutoka kule na mbavu mbili zimevunjika," alisema. "Aliuliza kitu moja tu: mutoto alifika? Nikasema alifika, amebeba sanduku yake. Akasema bon. Hakuuliza tena." Akanyoosha kanga magotini pake. "Enda ubaambie, mi sikukataze. Lakini amelala na ugonjwa mu hii chumba miezi tatu. Kutoka Bugarama mpaka hapa ni saa moja ya gari, Anastazi. Na masikio yake ilikuwa inasikia mpaka jana asubui."